Je, Wajua? Kilo na Mita za Farasi Mchanga

Je, wajua kwamba mwanafarasi aliyezaliwa tarehe 31 Desemba, kesho yake asubuhi huhesabiwa kuwa ametimiza mwaka mmoja? Ndiyo kanuni ya mbio za farasi huko Uingereza, Ufaransa na Marekani: farasi wote wa mbio huongeza umri kwa pamoja, tarehe 1 Januari. Afrika Kusini na Australia wao wamechagua tarehe 1 Agosti. Mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11, kwa hiyo mfugaji hupiga hesabu mapema ili jike lake lizae baada ya siku hiyo, si kabla yake. Akikosea kwa wiki moja tu, mtoto wake atashindanishwa na wenzake waliomtangulia kuja duniani kwa karibu mwaka mzima, na kwenye makaratasi wote wataitwa rika moja.

Naanza na hilo kwa sababu ya vijana wetu wa Kariakoo. Ingia duka lolote la kubeti kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo, utawakuta wameinua macho kwenye skrini, farasi wanakimbia, mmoja namba 4, mwingine namba 7, kila mmoja na odi yake. Farasi wale wamechorwa na kompyuta. Hawana umri, hawana magoti, hawana mzigo mgongoni. Farasi wa kweli sehemu kubwa ya mbio zake huamuliwa mezani, siku nyingi kabla ya lango kufunguliwa, kwa maswali mawili: atakimbia mita ngapi, na atabeba kilo ngapi? Na akiwa bado mchanga, maswali hayo mawili huwa ni swali moja.

Je, wajua kwamba mwili wa farasi wa miaka miwili hudanganya macho?

Umri huo ndio farasi wengi wa mbio huanza kushindana. Ukimtazama unaona mnyama mzima: kimo anacho, misuli imejaa, ngozi inameta. Ndani, mifupa bado inakua. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Matabaka hayo hugeuka kuwa mfupa mgumu kwa zamu, ya chini ya mguu kwanza, ya juu baadaye. Lile lililo juu kidogo ya goti la mguu wa mbele hufunga farasi akikaribia miaka miwili na nusu. Uti wa mgongo, ambao ndio unaokaliwa na mpandaji, huchukua miaka zaidi. Ndiyo maana wakufunzi makini humpiga picha ya eksirei ya magoti kabla ya kumwachia aende shoti kwa nguvu zote.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi hulifikiria kinyume. Ungedhani kumwepusha farasi mchanga na kasi kabisa ndiyo huruma, akimbizwe polepole tu kwa masafa marefu hadi akomae. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliochunguza maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu yanayowasumbua farasi wa miaka miwili, walikuta tofauti. Mfupa hujijenga kulingana na kazi unayopewa. Kasi kidogo, kwa umbali mfupi, mara chache kwa wiki, huufundisha mfupa kuhimili kasi. Mwendo mrefu wa polepole humchosha mnyama bila kumwandaa kwa siku ya mbio. Kwa hiyo ratiba ya kawaida ya mtoto wa farasi huanza na mita 1,000 au 1,200, akionyesha uwezo hupandishwa hadi 1,400, kisha 1,600 mwishoni mwa msimu. Mita 2,000 na 2,400 husubiri mpaka afike miaka mitatu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Uingereza ya karne ya 17, enzi za Mfalme Charles wa Pili, mbio zenye hadhi zilikuwa za maili nne, na si mara moja: farasi walirudia raundi hadi tatu siku hiyo hiyo, wamebeba ratili 168, yaani kilo 76. Farasi mchanga hakuwa na nafasi pale. Eclipse, farasi ambaye damu yake imo katika farasi wengi mno wa mbio wa leo, alizaliwa mwaka 1764 na hakushindana hata mara moja mpaka alipofika miaka mitano. Alikimbia mara 18, hakushindwa. Mtindo wa kuwashindanisha wa miaka mitatu kwa umbali mfupi ulishika kasi baadaye. Derby ya Epsom ilipoanza mwaka 1780 ilikuwa ya maili moja tu, ikaongezwa kufikia maili moja na nusu mwaka 1784.

Wamarekani walikwenda njia ya kupunguza. Kentucky Derby ilianza mwaka 1875 kwa maili moja na nusu, na mwaka 1896 ikafupishwa kuwa maili moja na robo, kwa hoja kwamba umbali ule ulikuwa mzito mno kwa farasi wa miaka mitatu mwanzoni mwa msimu. Kila dume hubeba kilo 57, jike hupunguziwa zaidi kidogo ya kilo 2. Rekodi ya mbio hizo ni ya Secretariat, mwaka 1973, dakika 1 sekunde 59.4. Cha ajabu ni jinsi alivyoipata: kila robo maili aliikimbia kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia.

Je, wajua kwamba farasi akienda shoti hana hiari ya kupumua apendavyo?

Hatua moja, pumzi moja. Matumbo na mapafu husukumwa na mwendo wenyewe, na hawezi kuhema kwa mdomo kama mbwa au binadamu. Hewa yote hupita puani. Moyo wake akiwa ametulia hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, akikimbia huvuka 220. Na ana akiba: wengu wake hukaa umejaa damu nzito, mbio zikianza humimina chembe nyekundu kwenye mzunguko, misuli ikapata hewa zaidi papo hapo.

Mambo hayo humsaidia mkufunzi kujibu swali la mita. Hatazami sana nani ameshinda. Hutazama mita 200 za mwisho. Farasi mchanga aliyeachwa nyuma mwanzoni, kisha akawa anawafikia wenzake wakati wanachoka, huyo anaomba umbali zaidi. Aliyeongoza kutoka langoni akaishiwa karibu na mstari arudishwe kwenye mita 1,000, au aachwe apumzike kwanza, maana pengine shida ni mazoezi na si umbali. Mwenye papara, anayeng'ang'ania hatamu tangu hatua ya kwanza, humaliza pumzi zake bure hata kama baba yake alikuwa bingwa wa masafa. Mwanariadha wetu Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 sekunde 32.2, aliongoza mbio zile tangu mwanzo hadi mwisho. Wakufunzi wa farasi wangemtamani, ila wangekwambia wa namna yake ni wachache.

Nasaba nayo ina sauti. Mwaka 2010 timu ya Emmeline Hill wa University College Dublin, Ireland, ilitangaza kwamba jeni moja inayodhibiti ukuaji wa misuli hutabiri kwa kiasi kikubwa umbali unaomfaa farasi. Kuna aina mbili za jeni hiyo, C na T. Aliyerithi C kwa baba na kwa mama hujaza misuli mapema na hufaa mbio fupi. Mwenye T mbili hukawia kukomaa lakini huvumilia masafa. Mwenye moja ya kila upande hukaa katikati. Siku hizi mwenye farasi hutuma damu kidogo maabara akajibiwa. Bado wapo wazee wa kazi hiyo wasiotaka kusikia habari za maabara, na mimi nawaelewa: jeni haisemi kama farasi ana moyo wa kupenya katikati ya wawili waliobanana.

Je, wajua kwamba risasi huwekwa kwenye tandiko kwa makusudi?

Ukikaa karibu na chumba cha mizani utaona jambo hili. Mpandaji anatoka akiwa amekumbatia tandiko lake, anapanda mizani nalo. Ikiwa farasi wake amepangiwa kilo 57 na yeye na vifaa vyake wana 53, hurudi kuchukua vipande bapa vya madini ya risasi, akavichomeka kwenye vifuko vya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko, mpaka mshale useme 57. Mbio zikiisha hupimwa tena kabla matokeo hayajathibitishwa. Uzito ukipungua isivyo halali, ushindi unafutwa. Hapendelewi mtu.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu uzito ndio unaotumika kuwasawazisha. Katikati ya karne ya 19, Mwingereza mmoja aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, Henry John Rous, alikaa akatengeneza jedwali la uzito kwa umri. Hoja yake: farasi wa miaka mitatu na wa miaka minne si sawa, lakini tofauti yao hupungua kila mwezi mchanga anapokua. Tena tofauti hiyo ni kubwa zaidi mbio zikiwa ndefu. Basi mchanga apunguziwe kilo nyingi mwanzoni mwa mwaka na chache mwishoni, nyingi kwenye mita 3,000 na chache kwenye 1,200. Jedwali limerekebishwa mara kadhaa, msingi wake haujabadilika.

Mfano ulio wazi ni mbio za Prix de l'Arc de Triomphe, Paris, mita 2,400, kila mwanzo wa Oktoba. Dume la miaka minne au zaidi hubeba kilo 59.5. La miaka mitatu hubeba 56.5. Majike hupunguziwa kilo 1.5 zaidi, hivyo jike la miaka mitatu huingia na kilo 55 tu. Treve aliitumia nafasi hiyo mwaka 2013, Enable mwaka 2017, wote wakiwa majike ya miaka mitatu, na wote wakarudi mwaka uliofuata wakashinda tena wakiwa na mzigo wa watu wazima.

Unajiuliza, kilo 3 zinamfanya nini mnyama wa nusu tani? Wapanga uzito Uingereza wana kipimo chao: kwenye mita 1,000, ratili 3, yaani kama kilo 1.4, ni sawa na urefu wa farasi mmoja kwenye mstari wa kumalizia. Kwenye masafa ya maili mbili, ratili 1 inatosha kuleta tofauti hiyo hiyo. Kwa hiyo mkufunzi anapompandisha kijana wake kutoka mita 1,200 hadi 2,400, kila kilo aliyopangiwa inazidi kumlemea. Kilo anazozipuuza leo kwenye mbio fupi ndizo zitakazomwangusha kwenye ndefu.

Kuna mbio ambazo mpangaji hugawa uzito kwa kuangalia rekodi: aliyeshinda sana hutwishwa, asiye na jina hupunguziwa. Melbourne Cup ya Australia, mita 3,200, iliyoanza mwaka 1861, ndiyo maarufu kuliko zote. Phar Lap alishiriki mwaka 1929 akiwa na miaka mitatu na kilo 47 tu mgongoni. Watu walimwekea fedha zao, akamaliza wa tatu: uzito ulikuwa mwepesi, umbali ulimjia mapema mno. Mwaka 1930 alipewa kilo 62.5, akashinda kwa raha. Mwaka 1931 wakamtwisha 68. Akawa wa nane. Jike Makybe Diva alishinda mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, akiongezewa kila mwaka: kilo 51, kisha 55.5, kisha 58.

Hapo ndipo penye werevu wa mwenye farasi mchanga. Akimwacha ashinde mbio ndogo kwa kishindo, mpangaji wa uzito naye anaona, na safari ijayo kijana atatwishwa mzigo wa ukubwani kabla ya wakati wake. Njia moja ya kukwepa ni kumpa mpandaji mwanagenzi, ambaye kwa kanuni hupunguziwa kilo kwa sababu hana uzoefu. Unapata wepesi, unapoteza ujuzi. Kwa farasi mtulivu, hesabu inalipa. Kwa mwenye papara, ni kujitafutia balaa.

Je, wajua kwamba Nairobi walikimbiza farasi pale Kariokor?

Jina hilo na letu la Kariakoo ni ndugu wa baba mmoja: yote mawili yametokana na kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya uwanja wa sasa wa barabara ya Ngong kuanza kutumika mwaka 1954, mbio za farasi za Nairobi zilifanyika upande wa Kariokor na Eastleigh, na barabara ya Racecourse bado ipo mpaka leo, imejaa matatu badala ya farasi. Uwanja wa Ngong una Derby ya Kenya ya mita 2,400 kwa farasi wa miaka mitatu, kwenye nyanda za juu ambako hewa yenyewe ni nyepesi na mita za mwisho zinauma zaidi.

Kwenye uwanja ule wa zamani ndiko alikojipatia jina Beryl Markham, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro kwenye zizi la baba yake, na akapata leseni ya ukufunzi wa farasi akiwa bado kijana. Dunia humkumbuka zaidi kwa kuruka peke yake na ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936. Watu wa farasi humkumbuka kwa Wise Child, jike lililoshinda St Leger ya Nairobi mwaka 1926. Anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, kwamba jike lile lilikuwa na kano mbovu za miguu na yeye alipewa wiki chache tu kuliandaa. Mbio zenyewe zilikuwa karibu mita 2,800. Ukitaka kujua ukufunzi ni nini, ni huo: mwendo wa kutosha kumpa pumzi, usiozidi ukakata mguu.

Je, wajua kwamba pwani yetu ilipeleka farasi Marekani?

Mwaka 1840 merikebu ya Sultana ya Seyyid Said bin Sultan ilitia nanga New York kutoka Unguja, na ndani yake mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Van Buren. Lakini farasi hawakuenea kwetu. Wenye nacho wa Unguja walipanda punda weupe wa Maskati, na Lamu mpaka sasa punda ndiye mwenye heshima: siku za Maulidi na tamasha la utamaduni vijana huwakimbiza ufukweni bila tandiko, bila mizani. Kanuni ya uzito wanaijua bila jedwali, ndiyo maana hupandi ukiwa na tumbo.

Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanaona lingine kwenye mbio za ngamia. Huko wachanga hukimbia kama kilomita 4 na waliokomaa hadi 8. Kutafuta wepesi kulileta uovu: miaka mingi waliopandishwa ni watoto wadogo, wengine wametolewa nchi za mbali. Kuanzia mwaka 2005 Qatar na Falme za Kiarabu zilianza kutumia roboti ndogo zinazoongozwa kwa rimoti kutoka kwenye magari yanayokimbia kando ya njia.

Je, wajua kwa nini Kariakoo inaitwa Kariakoo na si kwa jina la farasi?

Hapa Dar es Salaam farasi utamwona kwa nadra, labda wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi siku ya mechi kubwa. Sababu ya zamani ni mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Waingereza waliingia vita vya Afrika Mashariki na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1916 farasi, nyumbu na punda walikufa kwa makumi ya maelfu porini. Wanyama walipokwisha, mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu. Baada ya Waingereza kuutwaa mji Septemba 1916, wabeba mizigo wakapigishwa kambi hapo tunapouziana vitenge na simu leo, na jina la kikosi chao likabaki. Kila mmoja alibeba ratili 50 hadi 60, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Sanamu ya Askari, iliyosimikwa Mtaa wa Samora mwaka 1927, inawataja na wao kwenye maandishi yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, ambao mtaa wao uko pembeni ya soko, walikuwa na utaratibu wao. Kijana alifuatana na wakubwa wake kwenye msafara kuja pwani akiwa amebeba kitu chepesi, na mzigo uliongezeka kadiri alivyokomaa. Hawakuhitaji Rous kuwaambia.

Nchini kwetu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ndilo kuli wa Kariakoo analolipokea mgongoni kutoka kwenye lori. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 128, lilisema mzigo anaobeba mwanamume mzima ukizidi kilo 55, hatua za haraka zichukuliwe kuushusha ufike hapo. Farasi dume wa miaka mitatu kule Paris, mwenye uzito wa karibu nusu tani, hupangiwa kilo 56.5, na zikizidi hata kidogo mwenye farasi analalamika.